Isnadi ya Mnazi Mrefu

Ofisini tulimwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake likinijia mdomoni siku hizi huja na maneno mengine ambayo mama yangu hakunifundisha. Nani alimzaa, ukoo wao ulishukia bandari gani kutoka Omani, hayo waulizeni wengine. Tanga hakuna uhaba wa watu wa kukuhesabia mababu. Mimi nilikaa naye chumba kimoja cha kazi miaka mingi, nikala kashata zake, nikajua kikohozi chake tangu yuko ngazini. Namjua kwa hayo. Na nina hasira naye.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayejisomea peke yake, lakini ikisema "Nani kasema?" chumba kizima kilinyamaza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la asubuhi na la jioni. Ukimwambia mkurugenzi anakuja, "Nani kasema? Naye kapokea kwa nani?" Siku moja dereva wetu aliingia akasema nje kunanyesha. Bi Mkubwa akamuuliza nani kasema. Dereva akamsogezea mkono wa shati lake unaochuruzika maji. Akaushika, akaufinya, akasema, "Haya, hii ni hoja." Tulicheka mpaka tukalia, yeye hata hakujua tunacheka nini.

Swali hilo alilitoa chuo cha Kurani utotoni, kwenye elimu ya hadithi za Mtume. Mimi ni Mbondei wa Kikatoliki, neno isnadi nililisikia kwake mara ya kwanza. Isnadi, alinieleza, ni msururu wa wapokezi: huyu kapokea kwa yule, yule kwa mwingine, mpaka ufike kwa aliyesikia kwa masikio yake. Akiwamo mmoja wa mashaka, habari yote ni dhaifu, hata iwe tamu namna gani. Watu wengine wakikua huyaacha ya chuoni chuoni. Yeye aliyabeba akaja nayo kwenye jeni za minazi.

Maana kazi yetu ilikuwa hiyo, minazi na ugonjwa wa kunyong'onyea. Mtu wa pwani haelezwi ugonjwa huu. Nazi zinapukutika zikiwa changa, majani yanageuka manjano, kisha kilele chote kinaanguka na mnazi unabaki mlingoti. Kijidudu kinachouleta hakikubali kufugwa maabara. Ukikitoa ndani ya mnazi kinakufa. Huwezi basi kukiweka kwenye kisahani ukakitazama kinavyofanya mambo yake. Kilichobaki ni kusoma jeni zake na jeni za mnazi, herufi kwa herufi, halafu kubashiri: herufi hizi zitaunda protini ya umbo gani, na umbo hilo litafanya kazi gani. Mimi nilisaga majani na kutoa jeni. Herufi zikishasomwa na kurudi, Bi Mkubwa alikaa nazo kwenye kompyuta, katika ile nyumba ya zamani ya Raskazone yenye dari refu na umeme wa kukatika.

Alipenda kutueleza kwa ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa. "Ukiuona ukili umelala chini," alisema, "hujui utakuwa mkeka au kawa au kikapu. Basi protini ni ukili unaojishona wenyewe. Sisi tunautazama ukili tu, tunabashiri chombo. Tukishabashiri chombo, tunabashiri kitabeba nini. Ubashiri juu ya ubashiri, mwanangu. Ndiyo maana lazima uulize nani kasema."

Zilipokuja zile programu mpya zinazokuchorea umbo la protini kwa rangi, wengine tulishangilia kama watu waliopata maji ya bomba. Buluu ni pale programu ina hakika, rangi ya machungwa ni pale haina. Wageni walipiga picha za buluu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye machungwa, akaweka kidole, kioo kikabaki na alama ya mafuta ya kashata. "Hapa inaota," alisema. "Na mtu anayeota humuulizi njia."

Unaona? Ukimsikiliza hivi utadhani ni mtawa. Hakuwa mtawa. Mtaalamu huyu wa minazi, ambaye aliweza kukutajia jeni za mnazi kama mtu anavyotaja majirani, alipikia tui la pakiti. La unga! Nililiona jikoni kwake kwa macho yangu, kwa hiyo asiniulize nani kasema. Nilipomwambia mama yangu hakuamini, akasema nisimsingizie mama wa watu. Shambani alikuwa hatii mguu mvua ikinyesha, aliogopa tope na siafu, akakaa ndani ya gari amekunja baibui magotini na kututuma sisi. Kisha jioni anakugombeza kwamba umechukua jani la tatu badala ya la nne. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Aliwahi kumliza msichana wa mazoezi ya kazi kwa sababu aliandika "inajulikana kwamba". "Inajulikana na nani?" alimuuliza, na akamsimamisha pale mpaka chai ikapoa. Kesho yake akamletea vitumbua, akakaa naye kutwa nzima kumfundisha upya, kwa upole wa ajabu.

Na alikuwa na neno lake, haraka haraka haina baraka. Kwa kila jambo. Ripoti imechelewa, haraka haraka haina baraka. Wafadhili wanapiga simu, haraka haraka haina baraka. Mara moja tu nilithubutu kumjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanitazama juu ya miwani. "Matumbo hupona," alisema. "Neno la uongo likishatoka, halirudi." Nikaona ni hekima. Nikaiandika hata ukutani kwangu. Leo ningeulizwa ningesema kuna matumbo hayaponi, na ningesema kwa sauti kubwa.

Baba yangu alipofariki, Bi Mkubwa alikuja msibani kijijini kwetu Mwera. Wenzangu walikuja wakatoa pole wakageuza gari. Yeye alibaki. Alivua viatu, akaingia uani kwa wanawake, akakalia mbuzi akakuna nazi, na kwa kuwa mambo hayo hakuyajua akajikata kiganja. Mama alimfunga kidonda kwa kipande cha khanga yake mwenyewe, siku ambayo yeye ndiye alikuwa wa kufungwa vidonda. Wakakaa wakazungumza minazi, Mama akieleza shamba lake, Bi Mkubwa akieleza la kwao kule Mkwaja, ambalo kaka yake ndiye aliyekuwa akilitunza. Tangu hapo Mama akinipigia simu aliuliza kwanza, "Bi Mkubwa hajambo?" Mimi nilifuata baadaye.

Shamba hilo la Mama ndilo linaloniumiza. Baba alikuwa mkata mkonge, na mkata mkonge hamiliki kitu ila mikono yake. Kipande kile cha Mwera alikipata akiwa mtu mzima, akapanda minazi kila alikopata mche, mirefu, mifupi, yenye jina na isiyo na jina. Ugonjwa ulipopita uliua mingi, lakini haukuimaliza. Iliyobaki ilizaa. Mama alikula humo, akaezeka humo, akauza mafuta, hakumwomba mtu. Akisema "minazi yangu" alisema kama mwingine anavyosema wanangu, na sisi wanawe tulizoea kuwa wa pili.

Sasa lazima nieleze kosa lenyewe, na nitalieleza polepole ili nisitukane.

Ziko hazina za dunia nzima ambamo watafiti huweka jeni walizosoma, na pembeni huandika protini yake hufanya kazi gani. Ukisoma jeni mpya, kompyuta hutafuta humo inayofanana nayo, na kukuazima maelezo yake. Mwingine anakuja anaazima kwako. Mwingine kwake. Bi Mkubwa alikuwa akisema hiyo ni isnadi tupu, ila isnadi isiyo na mkaguzi. Watu wanapokea kwa watu waliopokea kwa watu, wala hakuna aliyewahi kuiona protini ikifanya kazi hiyo.

Katika hazina hizo yalikuwamo maelezo kwamba aina moja ya mnazi mrefu ina jeni ya protini mlinzi, inayomtambua adui na kumkamata. Yalikuwa mengi, kutoka kwa watu wa nchi za mbali ambao hawajawahi kuvuka Mto Pangani. Ukiyaona yamepangana hivyo, utasema hapa hapana shaka tena. Ukaja mradi. Sitautaja, fulana zao bado zinavaliwa vijijini. Walitaka kugawa miche ya mnazi huo pwani nzima, na mwenye shamba akate kwanza minazi yake ya zamani, kwa kuwa eti inatunza ugonjwa. Walikuja kwetu Raskazone kupata baraka za wataalamu.

Nilikuwamo kwenye kikao hicho, mwishoni mwa mwezi wa pili. Wakaonyesha maelezo yale kwenye ukuta, wakauliza kama kuna mwenye neno. Sote tukamtazama yeye. Akafuta miwani, akasema, "Bado nafuatilia isnadi. Nipeni muda." Mkuu wa mradi akacheka kwa heshima, akasema muda Bi Mkubwa anao, ila mvua za masika hazina. Wakaandika kwamba ofisi yetu haina pingamizi. Yeye akainamia chai yake.

Mwezi wa tatu Mama alikata. Niliambiwa kwa simu. Alisema shoka lilipiga kutwa nzima na kwamba mmoja wa ile mirefu ya Baba ulianguka na madafu yake, watoto wa jirani wakayafukuzia. Alicheka akinieleza. Alicheka, mama yangu, kwa sababu mwanawe yuko ofisini kwa Bi Mkubwa, na jambo lililopitia kwa Bi Mkubwa haliwezi kuwa baya.

Masika yakapita. Mwezi wa saba Bi Mkubwa aliniita mezani kwake, mlango kaufunga. "Nimefika mwisho wa isnadi," akasema. Alikuwa amefuata kila maelezo, huyu kaazima kwa nani, yule kwa nani. Yote yalishuka mpaka mahali pamoja: andiko lake mwenyewe la ujanani, alipoisoma jeni ile kwa mara ya kwanza na kuandika pembeni kwamba huenda protini hii ni mlinzi. Ulikuwa ubashiri wa kijana aliyetaka kuonekana. Dunia iliazima kwake, ikaazimana, ikamrudishia mwenyewe kama ushahidi. Alikuwa ameichora kwa programu mpya pia. Mwili wa protini ulikuwa buluu nzuri. Mkono ambao ungemkamata adui, wote machungwa.

Alilia siku hiyo. Nikamshika bega. Nikamwambia Bi Mkubwa, hukujua, mtu hahukumiwi kwa asichokijua. Aliandika barua za masahihisho kwa hazina zote, akatangaza kosa lake kwa jina lake mwenyewe mbele ya kila mtu. Tukamsifu. Wakati huo miche ilikuwa imeshika ardhini, nasi tukasema labda, Mungu akipenda, ubashiri utakuwa kweli kwa bahati. Hasira zangu zote niliwapa mradi na zile hazina za mbali. Akastaafu kwa heshima, tukamnunulia kiti.

Miche ya Mama iliota vizuri. Ilipita urefu wa mtu. Kisha ikaanza manjano.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwera kumsaidia Mama kuing'oa ya mwisho. Jirani yake, ambaye alikataa kukata kwa sababu ya uvivu tu wala si kwa elimu, ana minazi kumi na kitu inazaa, na alituletea nazi kwa huruma. Huruma ya jirani mvivu. Nilipanda basi la kurudi Tanga, nikashuka nikachukua bajaji moja kwa moja hadi Chumbageni kwa Bi Mkubwa. Sikwenda kugombana. Nilikwenda kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye angeelewa msiba wenyewe.

"Hodi."

"Karibu mwanangu. Umekauka kama ukuni, umetoka wapi?"

Nikamwamkia shikamoo. Amezeeka, lakini macho ni yale yale. Alimwita msichana wa ndani, nikaletewa dafu limefunguliwa. "Kaka kaleta juzi kutoka Mkwaja," akasema. Nilikuwa na kiu ya vumbi la njia nzima. Nililinywa bila kupumua, hata nikasema ni tamu.

Nikamweleza. Akasikiliza kichwa chini, kisha akauliza, "Majani yalianza kugeuka ya chini au ya juu?"

Nikajizuia. Nikasema tu, "Bi Mkubwa, laiti ungejua mapema kidogo. Kabla ya masika."

Kikohozi kikamjia, kikapita. Angeweza kuitikia tu, "Laiti." Mtu mwingine yeyote angeitikia. Lakini yeye habari dhaifu haipiti mbele yake hivi hivi, hata ikiwa inamsitiri.

"Hiyo uliyosema si sahihi," akasema. "Nilijua mwezi wa pili."

"Ulijua nini?"

"Kwamba isnadi inakuja kwangu. Yalikuwa yamebaki maelezo machache sikuyafuata. Na ule mkono nilikuwa nimeshauona, machungwa. Sikuwa na hakika kamili, mwanangu. Huwezi kusimama mbele ya watu na hakika ya nusu."

"Kwenye kikao ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na nusu."

"Watu walikuwa wanatia makali mashoka, wewe una nusu!" Nilisimama. Sikumbuki kusimama. "Ungesema hiyo nusu! Ungesema subirini! Neno moja tu!"

"Ningekuwa nimekosea ningewanyima watu miche mizuri."

"Ulinililia begani! Nikakubembeleza!"

Msichana wa ndani alichungulia akarudi. Nilitaka kuvunja kitu, na chumba kile hakikuwa na kitu cha thamani ila vitabu na yeye. Akasema kwa ile sauti ndogo, "Mwambie mama yako, naomba."

"Mwambie mwenyewe." Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje, nikaitia mkononi mwake.

"Shikamoo Mama," akasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Bi Mkubwa wa ofisini. Wa Raskazone."

"Ahaa! Bi Mkubwa!" Mama alifurahi kwa dhati, niliisikia furaha yake ikijaa chumba. "Hujambo mwanangu? Kiganja kilipona?"

"Kilipona, Mama." Kisha akamwambia. Nimpe haki yake: alisema yote, kwa mpangilio, bila "huenda" hata moja. Kwamba neno lilianza kwake. Kwamba halikuwa na msingi. Kwamba alijua mwezi wa pili na alinyamaza kwa kuwa hakuwa amemaliza kuhakikisha.

Upande wa pili nilisikia kuku.

"Miye nilikata mwezi wa tatu," Mama akasema.

"Najua, Mama."

"Nanyi kule kwenu Mkwaja? Mlikata?"

Bi Mkubwa alinitazama mimi badala ya simu. Nadhani alikuwa akitafuta jibu lingine lililo kweli, asilipate.

"Hatukukata," akasema.

"Wenzenu wote pwani wanakata, nyie hamkukata. Nani aliwaambia?"

"Mimi, Mama. Nilimwambia kaka angoje."

Ile nusu ilitosha kwa kaka yake. Mwezi wa pili ilikuwa hakika ya kutosha kunyanyua simu na kuokoa minazi ya Mkwaja, na haikuwa ya kutosha kufungua mdomo kikaoni. Nilimtazama mzee yule, na sikumchukia hata siku moja kama nilivyomchukia wakati ule, na nilijua kwamba nikitoka pale nitakumbuka vitumbua na upole wake na nitachukia zaidi.

"Haya," Mama akasema. "Nimesikia." Hakulaani, hakulia. "Yupo hapo mwanangu?"

"Nipo, Mama."

"Njoo nyumbani. Na hapo ulipo usinywe kitu chao."

Dafu nilikuwa nimeshalimaliza.